Namba Nane, Mwezi wa Saba

Nilizichomoa Mlango Mmoja, chini ya rundo la mabuti,
nyeupe, fupi, shingo haifiki kifundo,
kamba zimefungwa pamoja kama mbuzi wawili wa mnadani.
Bwire akasema elfu thelathini na tano.
Nikasema Bwire, hizi zimeshatembea.
Akasema, kwani wewe hujatembea?

Sikujibu. Niliikunja soli, ikakunjika pale vidole vinapokunjika,
si katikati, ambapo kiatu cha uongo huvunjika kama biskuti.
Nikabonyeza kisigino kwa gumba. Nikanusa:
sabuni ya unga, na chini ya sabuni, mtu.
Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje.
Mwenyewe wa kwanza alikanyaga dunia kwa pembeni,
kama anayepita chumba chenye mtoto aliyelala.
Elfu ishirini na mbili. Bwire akazifuta kwa shati lake.

Sasa nisikilizeni. Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
na msoma mita hasifu kitu siku ya kwanza.
Anaandika namba, anaondoka, anarudi mwezi ujao,
anatoa ya zamani kwenye mpya.
Kinachobaki ndicho anachokijua.

Mabatini zimenipandisha mawe mia na kitu kabla ya saa tatu.
Jiwe kavu, zinashika kama mjusi.
Jiwe lililomwagiwa maji ya kufulia, msinitanie:
Bugarika niliteremka kwa makalio hadi mlangoni kwa Mama Kashinje,
naye, bila kuacha kuchambua dagaa,
akasema karibu, mita iko nyuma.

Kirumba, mwaloni, magamba ya sangara yaliganda kwenye kingo za soli.
Nikasugua kwa mswaki uliochakaa na dawa ya meno.
Weupe ulirudi. Harufu ilikaa siku nne.
Nyanzala, mke wangu, alizitoa nje akaziweka ukutani,
paka wa jirani akazilinda usiku kucha.

Ubaya mwingine: shingo fupi haina mlinzi.
Kila changarawe ya Igogo huingia bila hodi
na kuchagua pa kukaa, daima chini ya kidole kidogo.
Nimezoea kusimama kwa mguu mmoja,
mkono kwenye ukuta wa watu, nikikung'uta.
Mbwa huniheshimu nikiwa hivyo. Sijui kwa nini.

Lakini hazina ulimi mrefu.
Navua mlangoni bila kuinama,
navaa huku nikijibu mbona bili imepanda.
Jumamosi nilizifua, nikaenda nazo kwenye mahari ya Lugembe,
chini ya suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi.
Shemeji mmoja tu ndiye aliyetazama chini,
na yeye alikuwa amevaa kama hizo.

Mdogo wangu anasema raba ni zile nene,
zenye puto kisiginoni na rangi za kwenye kanga.
Sawa, avae. Mimi sitaki kiatu
kinachoanza kuongea kabla sijasalimia.
Baba aliolea raba mtoni, akalimia pamba hizohizo,
akamzikia mama yake; hakuna aliyeuliza chapa.

Jana nimekaa kizingitini, nikazipindua.
Mimi hukanyaga kwa ndani, tangu utoto, goti hili.
Upande wa nje alikula yule, wa ndani nimekula mimi,
na kisigino sasa kimekaa sawa kama maji ndani ya karai.
Mtu sijui jina lake, sijui kama yu hai,
tumenyoosha kitu pamoja.

Leo Bwire kaniita kutoka ng'ambo ya mtaro: vipi zile?
Nikamwambia bado nasoma.
Nikapiga hatua tatu, nikarudi,
nikamuuliza kama ana nyingine, namba nane.